Heinrich Heine na Watunzi Wake: Mashairi ya Kijerumani katika Muziki wa Karne ya 19

Katika karne ya 19 nchi zilizozungumza Kijerumani zilikuza sanaa ya wimbo iitwayo Lied, yaani shairi lililokwisha kuandikwa na kuchapishwa na mshairi, kisha likatungiwa muziki na mtu mwingine kwa ajili ya sauti moja na piano. Miongoni mwa washairi waliotungiwa muziki kwa namna hiyo, ni wachache mno waliotafutwa na watunzi kama alivyotafutwa Heinrich Heine, ambaye mashairi yake mafupi yalipita mikononi mwa Franz Schubert, Robert na Clara Schumann, Felix Mendelssohn na dada yake Fanny Hensel, Franz Liszt, Johannes Brahms, Edvard Grieg na wengine wengi, hata orodha ya kazi hizo iliyokusanywa na mtafiti Günter Metzner mwishoni mwa karne ya 20 ikajaza juzuu 12. Muziki ulilieneza neno la Heine mahali ambapo vitabu vyake havikufika, na baadaye mahali vilipopigwa marufuku. Lakini mara nyingi ulilieneza baada ya kulipunguzia ukali, kwa sababu Heine alikuwa mshairi wa kejeli na watunzi wengi walimtaka awe mshairi wa mapenzi tu. Watunzi wawili, Schubert na Schumann, ndio waliopata njia ya kuutungia muziki hata ule uchungu uliofichwa chini ya maneno matamu, na njia yenyewe ilikuwa piano.

Heine alizaliwa tarehe 13 Desemba 1797 katika mji wa Düsseldorf, kando ya mto Rhine, katika familia ya Kiyahudi. Ami yake, Salomon Heine, alikuwa mmiliki wa benki huko Hamburg na mmoja wa matajiri wakubwa wa mji huo, naye ndiye aliyemgharamia masomo ya sheria katika vyuo vikuu vya Bonn, Berlin na Göttingen. Mwaka 1825 alipata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka huohuo akabatizwa katika kanisa la Kiprotestanti, kwa kuwa Myahudi hakuweza kupata kazi ya serikali wala ya chuo kikuu pasipo ubatizo. Hata hivyo kazi aliyoitarajia hakuipata. Waandishi wengi wa wasifu wake wameyaeleza mashairi yake ya ujana kwa kisa cha kumpenda Amalie, binti wa ami yake, ambaye hakumpenda. Kisa hicho kina ukweli wake, lakini kimepewa uzito kupita kiasi, kwa maana mashairi hayo yana ustadi wa mtu aliyejua vyema alichokuwa akikifanya na lugha, wala si vilio vilivyomtoka mtu bila kukusudia.

Mwaka 1827 mchapishaji Julius Campe wa Hamburg alitoa diwani ya Heine iliyoitwa Buch der Lieder, maana yake Kitabu cha Nyimbo, iliyokusanya mashairi ambayo mengi yalikuwa yamekwisha kutoka katika vitabu vya awali. Mauzo yalianza polepole, na toleo la pili halikuhitajika hadi mwaka 1837, lakini kufikia kifo cha mshairi kitabu kilikuwa kimechapwa mara 13. Ubeti alioupenda Heine ulikuwa wa mishororo minne mifupi, yenye vina na mapigo machache, nao aliuchukua kutoka katika nyimbo za wananchi wa kawaida zilizokusanywa na Achim von Arnim na Clemens Brentano kati ya mwaka 1805 na 1808 katika kitabu cha Des Knaben Wunderhorn. Mwaka 1826 alimwandikia mshairi Wilhelm Müller, yuleyule ambaye mashairi yake yalimpa Schubert mifululizo miwili mikubwa ya nyimbo, akikiri kwamba nyimbo za Müller zilikuwa zimemsaidia kuipata mizani ya nyimbo zake mwenyewe.

Ubeti wa namna hiyo unaalika muziki. Msomaji wa Kiswahili anayeujua utenzi, wenye beti za mishororo minne ya mizani minane minane zinazoghaniwa kwa mahadhi yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho, ataelewa mara moja aina ya wimbo ambayo Wajerumani wa mwisho wa karne ya 18 waliiona kuwa ndiyo sahihi: sauti moja itungwe kwa ajili ya ubeti wa kwanza, kisha beti zote zifuate sauti hiyo. Tofauti ni kwamba shairi la Heine huwa na beti mbili, tatu au nne tu, na aghalabu hugeuka ghafla mwishoni. Kwanza huja mwezi, maua, machozi na kiapo cha mapenzi, halafu mshororo wa mwisho unakitoboa kila kilichojengwa, kwa dhihaka au kwa neno la kawaida kabisa lisilotarajiwa. Mahadhi yanayorudiwa bila kubadilika hayawezi kuubeba mgeuko huo, kwa kuwa ubeti wa uchungu utaimbwa kwa utamu uleule wa ubeti wa kwanza. Kwa sababu hiyo mtunzi aliyetaka kuwa mwaminifu kwa Heine alilazimika kuandika muziki unaoendelea mbele pamoja na maana, huku akimtafutia msikilizaji mahali pa kuisikia kejeli ambayo mwimbaji hawezi kuitamka waziwazi.

Schubert alikutana na mashairi hayo mjini Vienna mwanzoni mwa mwaka 1828, katika duru ya wasomaji iliyokusanyika kwa rafiki yake Franz von Schober, ambako kilisomwa kitabu cha Heine cha masimulizi ya safari, Reisebilder. Juzuu ya kwanza ya kitabu hicho, iliyotoka mwaka 1826, ilikuwa na mfululizo wa mashairi uitwao Die Heimkehr, yaani Kurejea Nyumbani, na humo ndimo Schubert alimochagua mashairi 6. Heine aliyapa namba tu. Majina yanayojulikana leo, kama Der Atlas, Ihr Bild, Die Stadt na Der Doppelgänger, ni ya Schubert mwenyewe. Hati yake ya mkono ina tarehe ya Agosti 1828. Tarehe 2 Oktoba alimwandikia mchapishaji Probst wa Leipzig akimtaka azinunue nyimbo hizo, na tarehe 19 Novemba akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka 1829 Tobias Haslinger wa Vienna aliziunganisha na nyimbo 7 za mashairi ya Ludwig Rellstab na moja ya Johann Gabriel Seidl, akaupa mkusanyo huo jina la Schwanengesang, maana yake Wimbo wa Batamaji, kwa kufuata imani ya kale ya Ulaya kwamba ndege huyo huimba vizuri kuliko siku zote anapokaribia kufa. Jina hilo lilikuwa la muuzaji, wala halikumpitia Schubert akilini, na limewafanya wasikilizaji wengi wazisikie nyimbo hizo kama kwaheri ya mtu anayekufa, ilhali aliyezitunga alikuwa na shughuli ya kuziuza.

Der Doppelgänger inastahili kuangaliwa kwa undani, kwa kuwa kabla yake hapakuwa na wimbo wa piano na sauti unaofanana nayo. Neno hilo la Kijerumani ni jina la mtu wa pili anayefanana kabisa na mtu aliye hai. Katika shairi, mwanamume anasimama usiku katika mji uliolala, mbele ya nyumba ambayo mpenzi wake aliihama zamani; anamwona mtu mwingine amesimama hapo akijinyonganyonga mikono kwa maumivu, na mwezi unapomulika anagundua kwamba uso wa mtu huyo ni uso wake mwenyewe. Schubert anaanza kwa kordi nne, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja mara moja, nzito na tupu, ambazo zinarudiwa tena na tena chini ya sauti kama mlio wa kengele ya maziko. Mwimbaji hana mahadhi ya kukumbukwa, kwani anakaa kwa muda mrefu karibu na noti ileile, karibu na kunena, huku piano ikiyashika maneno yake yasipate pa kukimbilia, hadi sauti inapopanda kwa nguvu kubwa pale mtu anapoujua uso wake. Katika maandishi ya Heine ubeti wa mwisho una dhihaka ndani yake, kwani mwenye kusema anamsuta kivuli chake kwa kumuiga maumivu aliyoyapata zamani mahali hapo. Schubert aliigeuza dhihaka hiyo kuwa hofu. Inaweza kusemwa kwamba alikiacha kitu kimoja cha mshairi. Ni haki zaidi kusema kwamba aliona ukatili wa kujidhihaki mwenyewe, akauchukua ukatili na kuuacha mzaha.

Heine hakuzijua nyimbo hizo zilipotoka. Katika barua ya mwaka 1830 kwa Eduard Marxsen, mwanamuziki wa Hamburg ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa Brahms, alitaja kwamba amesikia kuwa Schubert alikuwa ameyatungia mashairi yake muziki mzuri muda mfupi kabla ya kufa, ila yeye hajaufahamu bado. Kwa desturi ya wakati ule mtunzi hakuhitaji idhini ya mshairi wala kumlipa. Shairi lililochapishwa lilihesabiwa kuwa mali ya yeyote awezaye kuliimba. Mwaka 1831 Heine alihamia Paris, ambako aliishi hadi kufa kwake, akawa mwandishi wa habari za muziki kwa magazeti ya Ujerumani na akajuana na Liszt, Chopin na Berlioz. Mtu aliyeandika kurasa nyingi hivyo juu ya wapiga piano na opera za Paris hakuandika chochote cha maana juu ya nyimbo zilizokuwa zikilibeba jina lake katika nyumba za Leipzig na Vienna. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa hukumu yake ingekuwa na thamani kuliko ya mhakiki mwingine yeyote.

Robert Schumann alimtembelea Heine mjini Munich mwezi Mei 1828, akiwa kijana wa miaka 17 aliyetoka shuleni karibuni. Miaka 12 baadaye, katika mwaka 1840 ambao wanahistoria wameuita mwaka wake wa nyimbo, alitunga zaidi ya nyimbo 120, baada ya muda mrefu wa kuiandikia piano pekee. Mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa kesi yake dhidi ya Friedrich Wieck, mwalimu wake wa zamani wa piano, aliyekataa kata kata kumwoza binti yake Clara. Mahakama ilitoa ruhusa, na ndoa ikafungwa tarehe 12 Septemba. Nyimbo nyingi za mwaka huo ni za mashairi ya Heine: mfululizo wa nyimbo 9 uliochapwa kama kazi namba 24, kadhaa katika mkusanyo wa Myrthen aliompa Clara kuwa zawadi ya arusi, na zaidi ya zote Dichterliebe, yaani Mapenzi ya Mshairi, aliouandika kati ya tarehe 24 Mei na 1 Juni. Tarehe 23 Mei, siku moja tu kabla ya kuanza kazi hiyo, alimtumia Heine nakala ya kazi namba 24 pamoja na barua ya heshima. Hakujibiwa.

Mashairi ya Dichterliebe yametoka katika Lyrisches Intermezzo, sehemu ya Buch der Lieder yenye mashairi 65 na utangulizi. Schumann alichagua 20, kisha akaondoa manne, na mwaka 1844 zikatoka nyimbo 16; zile nne zilikuja kuchapwa baadaye katika mikusanyo mingine. Uchaguzi wenyewe ulikuwa kazi ya kifasihi, kwa kuwa kutoka katika mashairi yasiyo na kisa kilichonyooka aliunda safari ya mtu anayependa, anayeachwa, anayeota ndoto, na mwishowe anayeagiza jeneza kubwa kupita kiasi ili azike humo mapenzi na maumivu yake. Wimbo wa kwanza, wenye maneno ya majira ya kuchipua na moyo unaofunguka, unaishia kwenye kordi ambayo sikio linaitarajia iendelee, nayo haiendelei. Hivyo furaha ya shairi inatiliwa shaka tangu mwanzo na mtu asiyesema neno hata moja, yaani mpiga piano. Katika wimbo wa 7 mwenye kuimba anadai kwamba hana kinyongo, wakati piano inazipiga kordi nzito bila kupumzika, na Schumann analirudiarudia dai hilo kuliko alivyoandika Heine, mpaka hakuna msikilizaji anayeliamini. Wimbo wa 11, ambamo Heine anasimulia kisa cha kawaida cha kijana ampendaye msichana ampendaye mwingine, umepewa mwendo wa uchangamfu, na mshairi aliyesema hapo kwamba kisa hicho cha kale hupasua moyo kila kinapotokea upya anasikika akiyameza machozi mbele ya watu.

Jambo lililo la Schumann peke yake ni zile kurasa za piano baada ya mwimbaji kunyamaza. Wimbo wa mwisho wa Dichterliebe unaisha kwa maneno ya ukali wa kujionyesha, na lau muziki ungekoma hapo, mfululizo mzima ungekuwa dhihaka. Lakini piano inaendelea peke yake, taratibu, ikirudia mahadhi yaliyosikika mwishoni mwa wimbo wa 12, ambamo maua ya bustani yalimwomba mtu asiyekuwa na furaha asimkasirikie dada yao. Jeneza limekwisha kuagizwa, na bado piano inaomba msamaha. Wahakiki wengine wamesema kwamba kwa hatua hiyo Schumann alimfanya Heine kuwa mpole kuliko alivyokuwa. Hoja hiyo haitoshi, kwani ukali wote wa Heine umeachwa mahali pake katika maneno, na upole umewekwa mahali pengine, katika chombo kingine, ili msikilizaji avisikie vyote viwili na kuona kwamba kimoja hakikifuti kingine.

Watunzi wengine hawakufika mbali hivyo, ingawa baadhi yao waliandika nyimbo nzuri sana. Wimbo wa Mendelssohn uitwao Juu ya Mabawa ya Wimbo, uliotungwa katikati ya miaka ya 1830, ulipendwa katika kila nyumba iliyokuwa na piano, na ndio mfano wa Heine aliyebakiwa na utamu tu. Fanny Hensel, ambaye familia yake haikutaka achapishe kazi zake, alipothubutu kuchapisha mkusanyo wake wa kwanza mwaka 1846 aliufungua kwa shairi la Heine. Alifariki mwaka uliofuata. Clara Schumann naye alilitungia muziki shairi lilelile ambalo Schubert alikuwa ameliita Ihr Bild, na kulinganisha nyimbo hizo mbili kunafundisha mengi: Schubert anaanza kwa sauti na piano kupita njia moja bila kordi yoyote, kama mtu aliyebaki na picha mkononi na chumba kitupu, ilhali Clara analizungushia shairi joto la kumbukumbu.

Richard Wagner yuko peke yake katika historia hii, kwa sababu zisizo za heshima. Akiwa maskini mjini Paris mnamo 1840 alilitungia muziki, kwa tafsiri ya Kifaransa, shairi la Heine juu ya askari wawili wa Napoleon, akiweka ndani yake wimbo wa Marseillaise, jambo ambalo Schumann pia alilifanya karibu na wakati huohuo. Opera yake ya Mholanzi Arukaye, iliyoonyeshwa kwanza Dresden mwaka 1843, ilitegemea simulizi la Heine. Mwaka 1850, katika gazeti la muziki ambalo Schumann mwenyewe ndiye aliyeshiriki kulianzisha, Wagner alichapisha kwa jina la bandia makala ya kuwashambulia Wayahudi katika muziki, na humo Heine hakusalimika.

Shairi la Loreley linaonyesha kuliko mengine jinsi wimbo unavyoweza kummeza mwenye kuuandika. Loreley ni mwamba mrefu kando ya Rhine, na shairi linasimulia mwanamke mzuri anayeketi juu yake akichana nywele zake za dhahabu na kuimba, mpaka mwendesha mashua aliye chini anasahau miamba na kuzama. Watu wengi huamini kwamba hiyo ni ngano ya kale, lakini aliyeitunga ni Clemens Brentano katika riwaya yake ya mwaka 1801, na Heine akaipa umbo lake la kudumu mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mnamo 1837 Friedrich Silcher, mkuu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Tübingen, alilitungia mahadhi mepesi yanayorudiwa ubeti kwa ubeti, nayo yakaenea katika kwaya, shule na meli za watalii kiasi kwamba waimbaji wakauhesabu kuwa wimbo wa mababu usio na mtunzi. Liszt mwaka 1841 aliufanya kuwa mchezo wa kuigiza wenye tufani, na Clara Schumann mwaka 1843 alimwandikia mumewe, kwa siku yake ya kuzaliwa, wimbo wa Loreley ambamo piano inakimbia kwa hofu tangu mwanzo. Wa Silcher ndio ulioshinda kwa idadi ya waimbaji, nao ndio unaosema machache zaidi juu ya shairi.

Tarehe 10 Desemba 1835 Baraza la Shirikisho la Ujerumani lilipiga marufuku maandishi ya Heine pamoja na ya wenzake wa kundi lililoitwa Ujerumani Changa, na Dichterliebe iliandikwa wakati marufuku hiyo ikiwa ingali katika vitabu vya sheria. Heine alifariki Paris tarehe 17 Februari 1856, baada ya miaka 8 ya kulala kitandani kwa ugonjwa, akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Mji aliozaliwa ulipokataa sanamu ya kumbukumbu yake, kazi hiyo ya mchongaji Ernst Herter, yenye umbo la Loreley, ilinunuliwa na Wajerumani wa Marekani na kuzinduliwa mwaka 1899 katika Bronx, New York, ambako ingali inasimama. Mwezi Mei 1933 vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyochomwa na wafuasi wa Wanazi. Baada ya vita ilisemwa mara nyingi kwamba vitabu vya nyimbo vya enzi hiyo viliendelea kuichapa Loreley chini ya maneno kwamba mwandishi hajulikani. Watafiti waliovipekua vitabu hivyo hawakupata ushahidi wa jambo hilo. Dhuluma iliyofanyika ilikuwa kubwa ya kutosha bila kuongezewa hadithi.

Msomaji anayetaka kumjua Heine kwa njia ya muziki asianze na Silcher wala Mendelssohn, ambao watamfikia wenyewe bila kutafutwa. Aanze na zile nyimbo 6 za Schubert, kisha asikilize zile 16 za Schumann kwa mfuatano wake bila kuruka hata moja, huku akiwa na tafsiri ya mashairi mkononi, na asiondoke mwimbaji anaponyamaza, bali asubiri mpaka piano imalize.